Gurudumu la Fundi Miwani

Endres Pfanner alikuwa na sura ya kawaida, kimo cha kawaida, na mikono iliyoonewa wivu na mji mzima wa Wolkersbrunn. Mikono hiyo ilimwacha kabla hajazeeka, na yote yaliyompata yalianzia hapo. Siku hizi kila mwenye mdomo anasimulia habari za Waholanzi waliopanga lenzi mbili, moja mbele ya nyingine, wakautazama mwezi. Hao sifa zao wanazo. Lakini aliyemwezesha bibi kizee kusoma zaburi yake, na fundi cherehani kutunga uzi kwenye sindano, hakuna anayemtaja. Endres alikuwa mmoja wa hao, na tulivyomtendea ni aibu tupu.

Fundi cherehani nimesema kwa mazoea tu, maana enzi hizo hakukuwa na cherehani. Washonaji walishona kwa mkono na macho yao yalichoka mapema. Endres alizaliwa miaka michache baada ya majeshi ya Wasweden kuondoka na vita vyao, wakati nusu ya nyumba za mji hazikuwa na paa. Baba yake alikuwa fundi miwani, na babu yake vilevile. Kazi yenyewe ukiitazama utadhani ni mchezo wa watoto. Unachukua kipande cha kioo, unakiweka ndani ya bakuli la chuma lenye mchanga na maji, unakibonyeza kwa vidole na kukizungusha. Unazungusha asubuhi, unazungusha mchana, unazungusha mpaka mabega yawake moto. Bakuli likiwa na kina kidogo, lenzi hutoka na tumbo dogo, na hiyo ni ya mtu aliyeanza juzi kusogeza kitabu mbali na pua. Kina kikizidi, tumbo huzidi, na hiyo ni ya mzee hasa. Wasioona mbali husagiwa juu ya kibonge cha chuma, ili lenzi ipate bonde badala ya tumbo. Ukimaliza mchanga mkali unaingia mchanga laini, kisha majivu ya bati juu ya kitambaa cha sufu, mpaka kioo kiwe safi kiasi kwamba ukikiweka juu ya maandishi hukioni, unaona herufi tu.

Kwa hiyo fundi miwani ni vidole. Akili inatakiwa, macho yanatakiwa, lakini vidole vikikataa, kazi imekwisha.

Jingine la kujua ni chama. Hapa Wolkersbrunn hakuna fundi miwani asiye mwanachama, na chama chetu kilikuwa na kanuni iliyozipita zote: asiwepo wa kula mkate wa mwenzake. Kila fundi alikuwa na kiti kimoja mezani, dirisha moja la kuuzia na msaidizi mmoja. Hakuruhusiwa kutoa miwani mingi kuliko jirani yake. Kila robo ya mwaka mafundi walipeleka kazi zao kwenye meza ya chama, na wakuu wanne walioapishwa walizikagua moja moja. Aliyeugua aliweza kuomba msaidizi wa pili, akapewa bila maneno mengi. Ila fundi ambaye hakuugua, na akaja mikono mitupu robo mbili zikifuatana, aliambiwa kwa upole apishe wengine.

Endres alimwoa Apollonia Groll, dada wa Sebald Groll, aliyekuwa fundi miwani naye na karakana yake ilipakana na ya Endres ukuta kwa ukuta. Watoto wao wawili waliwazika wakiwa bado wadogo, na baada ya hapo nyumba ikabaki na watu wawili na utani wa shemeji. Sebald alikuwa mnene, mchangamfu, mpenda bia, na kila asubuhi alipofungua dirisha lake alianza na jirani.

"Shemeji, mbona leo umechelewa? Au dada yangu kakulisha kabichi mpaka ukashindwa kuinuka?"

"Dada yako hanilishi kitu. Maneno yenu ndiyo yananishibisha."

"Siku ile tulipokuletea bibi harusi tungekuongezea na pamba za masikio. Ni kosa letu, tusamehe."

"Mngejiongezea aibu nyinyi wenyewe, mngekuwa mmefanya la maana."

Walipendana, nisiseme uongo. Sebald alikuwa mtu wa kwanza kuingia nyumba ile kwenye misiba yote miwili, na Jumapili walikaa benchi moja kanisani. Ndiyo maana yaliyofuata yanauma.

Endres alipokuwa anaelekea miaka arobaini, kidole gumba cha kulia kilianza kumsumbua wakati wa baridi. Mwaka uliofuata vikawa vidole vitatu. Vifundo vilivimba na kuwa vigumu kama njugu, na asubuhi hakuweza kukunja ngumi. Apollonia alimfunga vifungo vya shati kabla msaidizi hajaamka. Kanisani alivaa glavu hata majira ya joto, na baani alishika kikombe kwa viganja viwili, akijitia anaipasha moto mikono kwa bia ya uvuguvugu. Aliona haya. Fundi mwenye mikono iliyosifiwa tangu ujana wake hakutaka mtu amwone akiangusha kijiko.

"Omba msaidizi wa pili," Apollonia alimwambia. "Kanuni ipo. Nenda kawaambie unaumwa."

"Niwaambie naumwa nini? Homa inapona. Hii haiponi. Nikisema mikono imekufa, wataniandalia hotuba ya kuniaga."

"Basi mwambie Sebald peke yake."

"Sebald? Ukimwambia Sebald umeiambia bia, na bia inaiambia baa nzima."

Majira yale ya baridi Endres alipeleka kazi chache mezani, na wakuu wakatazamana. Alirudi nyumbani hana usingizi wala hamu ya kula. Kilichokuwa mbele yake kilikuwa wazi: kama robo mbili zinazofuata hana kazi ya kuonyesha, kiti cha babu yake kinaondoka, na bila kiti hana dirisha, na bila dirisha yeye na mkewe ni ombaomba.

Jioni moja alikaa kumtazama Apollonia akisokota uzi. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga ubao, ubao unavuta kamba, gurudumu linazunguka, na mikono ya mwanamke yule imetulia, inaongoza tu. Endres aliutazama ule mguu muda mrefu mpaka mkewe akaona aibu.

"Una nini wewe? Hujawahi kuona mguu?"

"Sijawahi," Endres akasema.

Kesho yake gurudumu la kusokotea halikuwepo mahali pake.

"Endres, gurudumu langu liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Karakana. Limepata kazi nyingine."

"Na mimi nisokote kwa meno? Mume wangu, kile ni kitu cha mama yangu."

"Subiri uone. Ukishaona, nitukane."

Alilifunga bakuli la chuma juu ya mhimili uliozungushwa na gurudumu. Kioo alikigandisha kwa lami kwenye ncha ya mti mfupi, na mti huo aliukandamiza kwa kiganja, au kwa kiwiko siku kiganja kilipokataa. Bakuli ndilo lililozunguka, kioo kilitulia, na mguu ukafanya kazi yote. Vioo vya mwanzo vilipasuka, vingine vikatoka na mikwaruzo, maana aligundua kwamba gurudumu likisimama ghafla lenzi inachubuka na haifai tena. Akajifunza kukanyaga bila kukata mwendo. Mwishowe akapata lenzi moja safi, akaipeleka jikoni, akaiweka juu ya kitabu cha sala cha Apollonia. Mwanamke yule akasoma mstari mzima ambao kwa mwaka mzima alikuwa akiusema kwa kukariri. Akamwangalia mumewe akamkuta analia, basi hakumtukana.

Sasa hapa ndipo Endres alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu wa mji mwingine wowote. Gurudumu lile lilikuwa na mambo mawili. La kwanza, lilimfaa mtu aliyekufa vidole. La pili, lilikuwa na kasi: kabla Sebald hajamaliza lenzi moja, Endres alikuwa amekwisha weka tatu dirishani. Angekwenda kwenye chama akasema, ndugu zangu nimeugua, nimejitengenezea mkongojo, huenda wangemhurumia. Lakini kusema hivyo ni kuitangaza mikono yake. Hivyo akaificha mikono na kujivunia kasi, mbele ya watu ambao kwao kasi ni wizi.

Alimwita Sebald akamwonyesha.

"Tazama, shemeji. Wewe endelea kukuna bakuli kama mtu anayekwangua ukoko. Mimi naketi."

Sebald alilizunguka lile gurudumu, akainama, akanyanyuka. Hakucheka. "Hizi zote umezifanya leo?"

"Leo, na bado nimelala mchana."

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe wa kwanza. Ukitaka nitakutengenezea la kwako, sharti uache bia siku mbili."

"Siku mbili ni nyingi," Sebald alisema, huku ameshaugeukia mlango. Aliaga haraka. Endres alidhani ni wivu wa kawaida, akafurahi. Alikuwa hajamshinda shemeji yake kwa lolote kwa muda mrefu.

Haikupita wiki akaitwa chamani. Wenzetu walikutana ghorofani kwenye nyumba ya wageni karibu na lango la mto, na kulikuwa na sanduku la mwaloni ambalo likifunguliwa, kofia zinavuliwa na vikombe vinawekwa chini. Sanduku likiwa wazi hakuna ndugu wala shemeji, kuna mafundi tu. Mkubwa wa wakuu alikuwa mzee Kilian Haas, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Sebald mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wanne.

"Endres Pfanner," Kilian akasema, "una chombo kinachofanya kazi ya watu watatu. Kweli au si kweli?"

"Kweli. Lakini sijatoa miwani zaidi ya—"

"Hujatoa leo. Kesho utatoa. Au kama si wewe, atakayekirithi. Hapa tuko mafundi kumi na wanne. Wewe ukifanya ya watatu, ni madirisha gani mawili yafungwe? Yataje."

Endres aliwatazama wote, na hapo ndipo kiburi kilipomtoka. Alivua glavu akainyoosha mikono juu ya meza, karibu na mshumaa, ili kila mtu avione vile vifundo.

"Sina mikono," akasema. "Chombo kile si cha kuwapokonya. Ni vidole vyangu vile. Nikikikosa, sina kazi."

Fundi mmoja alikohoa. Kilian aliitazama mikono ile kwa muda, na nadhani alimhurumia, maana sauti yake ilishuka zaidi.

"Na kwa nini hukuyasema haya mapema? Mgonjwa tunampa msaidizi. Wewe ulipita ukimwambia mkuu wa chama kwamba unalala mchana. Sasa umebanwa ndio umeugua?"

Watu wakamgeukia Sebald. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya tumbo. Neno moja tu lingetosha. Sebald akasema, "Mimi nilionyeshwa kasi. Sikuonyeshwa mikono."

Wakaamua kwamba ugonjwa uliofichwa hauhesabiwi, chombo kivunjwe, na Endres aape hatatengeneza kingine wala kumfundisha mtu. Tena kwetu kuna desturi kwamba pigo la kwanza hupigwa na aliye karibu zaidi na mkosaji kwa undugu, ili pasije pakazuka chuki kati ya nyumba na nyumba. Wazee walioianzisha walidhani wanafanya hekima. Kesho yake wakuu walisimama uani kwa Endres, na Sebald akainua nyundo mbele ya dada yake, akalipiga gurudumu la mama yao. Lilipasuka kwa pigo moja, maana lilikuwa la zamani. Wengine walimalizia, bakuli likapindwa, na Endres akaapa huku amevaa glavu.

Walipoondoka, Apollonia alikusanya vipande vya mti akavitia jikoni, kwa sababu kuni ni kuni.

"Alijua," akasema.

"Nani?"

"Kaka yangu. Nilimwambia mimi. Tangu siku ile uliporudi na kazi chache nilikwenda kwake nikamwambia, mikono ya mume wangu imekufa, mfichie na umsaidie. Akanishika bega, akasema nisiwe na wasiwasi."

Endres alikaa karibu na moto mpaka supu ya dengu ikapoa, na mkewe hakumlazimisha kula. Kuanzia siku ile Apollonia hakusema na kaka yake tena, hata salamu. Waliishi ukuta kwa ukuta, na Sebald aliendelea kufungua dirisha lake kila asubuhi bila kupata wa kumtania.

Mengine yalikwenda haraka. Endres alikosa kazi robo ile na iliyofuata, akaambiwa kwa upole apishe wengine. Msaidizi wake alihamia kwingine. Dirisha lilipigiwa mbao. Apollonia alianza kusokota uzi wa watu, kwa gurudumu la kuazima, naye Endres akapata kazi ya kukanyaga viriba vinavyokipa hewa kinanda cha kanisani siku za ibada. Kukanyaga alikuwa anakujua. Aliishi hivyo miaka mingi, mtu wa kawaida wa kona ile, na wapo waliokua bila kujua kwamba aliwahi kushika kioo. Apollonia alikufa kwa kifua majira ya kuchipua. Sebald alikuja kubeba jeneza. Endres alimwachia upande mmoja abebe, kwa sababu walihitajika watu sita.

Kisha wakaja wachuuzi kutoka ng'ambo ya mto. Kule ni ardhi ya Askofu, watu wa dini ya zamani, yaani Wakatoliki, na hawana chama. Wachuuzi wale walikuwa na masinia yaliyoning'inia shingoni, yamejaa miwani ya fremu za waya, lenzi safi, sawasawa, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Watu wetu walijifanya hawaitaki mchana, jioni wanajipitisha darajani kuinunua. Habari zikaja kwamba kule ng'ambo wana magurudumu ya mguu, safu nzima, na wanawake wanayakanyaga.

Nani aliwapa siri? Mji mzima ulijua jibu, na ulikosea. Walimtemea Endres mate mbele ya mlango wa kanisa, wakamwita Yuda, naye tangu aape hajavuka daraja hata kwenda sokoni. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetoa siri. Kule nako kulikuwa na mtu aliyechoka, akamtazama mkewe akisokota uzi. Mambo ya namna hii yakifika wakati wake, hutokea vichwani mwa watu wengi. Hata ile darubini ya Waholanzi, walijitokeza zaidi ya mmoja kuidai. Tofauti ni kwamba yule wa ng'ambo hakuwa na shemeji mwenye nyundo.

Madirisha yalifungwa Wolkersbrunn, zaidi ya yale mawili aliyoyauliza mzee Kilian. Mafundi waliobaki wakafungua sanduku, wakavua kofia, wakaamua kwamba kuanzia sasa gurudumu linaruhusiwa. Ndipo wakakumbuka kwamba hakuna hata mmoja anayejua linavyotengenezwa.

Aliyetumwa ni Sebald. Alikuwa amezeeka, amevimba miguu kwa bia na nyama, akitembea kwa fimbo. Alimkuta Endres anamenya kitunguu kwa kukikandamiza kwa kiwiko.

"Shemeji," akasema mlangoni.

"Aliyekufanya shemeji yangu amekwisha kufa. Niite Pfanner."

"Sikuja kugombana. Chama kimekufungulia kiapo. Kinataka gurudumu."

"Kilikuwa nalo. Mlilipeleka wapi?"

"Endres, tunakufa njaa."

"Karibu. Mimi nimetangulia, nitakuonyesha njia."

Sebald alikaa bila kukaribishwa. Machozi yalimlengalenga, na huenda yalikuwa ya kweli. "Niliogopa," akasema. "Nilikuwa na watoto watano. Niliona zile lenzi tatu, nikaona dirisha langu limefungwa. Ndiyo hivyo."

"Mkeo alikuwa na gurudumu?"

"La kusokotea? Alikuwa nalo."

"Nilitaka kukutengenezea lako. Nilikwambia pale pale."

Endres alimaliza kitunguu chake, akakitia kwenye chungu. Moyoni alimchukia, lakini kilichompanda kifuani ghafla hakikuwa chuki. Kilikuwa ni hamu. Alitaka kushika lenzi kabla hajafa, na alijua kabisa kwamba adui yake ameigundua hamu hiyo usoni mwake.

"Nirudishieni kiti changu," akasema. "Kiti na dirisha. Nitawaonyesha kila kitu."

Sebald alilipeleka neno hilo chamani, na kusema kweli alilitetea kwa nguvu. Wote wakakubali, Kilian akiwa wa kwanza. Ila aliyeacha kiti chake, kukirudia ni lazima afanye kazi ya mtihani upya: lenzi mbili zinazofanana, mbele ya wakuu, kwa vidole.

"Kwa vidole?" Sebald akauliza. "Si tumeshaliruhusu gurudumu?"

"Tumeliruhusu karakanani," mzee Kilian akasema. "Mtihani haujaguswa. Baba yake aliufanya kwa vidole, babu yake vilevile. Tukianza kubadili mtihani kwa ajili ya mtu mmoja, tutasimama wapi?"

Endres alikubali kujaribu. Alichagua siku yenye jua, akaloweka mikono kwenye maji ya moto tangu alfajiri. Walimwekea bakuli, mchanga na maji, wakakaa kumzunguka. Akashika kioo. Kwa muda kilizunguka, na sauti ile ya mchanga aliyokuwa hajaisikia miaka yote ikajaa chumbani, uso wake ukalainika. Halafu gumba likaachia. Kioo kiliteleza, kikagonga ukingo wa bakuli, kikaanguka sakafuni vipande viwili. Alijaribu kuinama avichukue. Vidole havikuweza kuviokota, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia, maana wakati wa mtihani kumsaidia mtahiniwa ni kosa.

Gurudumu aliwatengenezea hata hivyo. Seremala alishika randa, Endres akaelekeza kwa maneno. Alifanya hivyo kwa sababu majira ya baridi yalikuwa yanakaribia na viriba vya kanisani vilikuwa vimepewa mtu mwenye nguvu zaidi. La kwanza lilikwenda kwa Sebald, kwa kuwa ndiye aliyetumwa. Lakini Sebald na miguu yake iliyovimba hakuweza kukanyaga, na wanawe walikuwa wamekwenda mbali kutafuta maisha. Akamwomba Endres. Wenzake wakanung'unika kwamba asiye na kiti haruhusiwi kukaa karakana, na suala likapelekwa kwa mzee Kilian. Kilian aliwaza, akatoa hukumu ambayo watu waliisifia kwa uadilifu wake. Kanuni inamkataza asiye na kiti kutia mkono kwenye kioo. Mguu haikuutaja.

Basi wakapigilia ubao katikati ya gurudumu na kiti cha mkanyagaji, ili pasiwe na shaka. Upande mmoja alikaa Sebald na kioo, upande wa pili Endres na viatu vyake. Asubuhi hadi jioni alikanyaga, akipewa mkate, supu na mahali pa joto. Lenzi hakuziona. Alizisikia tu kupitia ubao, na kwa sauti alijua lini mchanga umekuwa laini na lini Sebald anabonyeza vibaya. Mwanzoni alikuwa akisema, "Legeza, unaiunguza." Sebald alilegeza, na lenzi zake zikapata sifa mpaka miji ya mbali. Baadaye Endres aliacha kusema, na Sebald akajifunza mwenyewe.

Siku moja alikuja mteja, mwalimu wa shule kutoka mjini kwingine, aliyetaka miwani ya kusomea. Alistaajabia gurudumu, akauliza ni nani aliyebuni kitu cha ajabu namna ile.

"Ni kazi ya chama chetu," Sebald alisema.

"Na huyo nyuma ya ubao? Ni fundi mwenzako?"

Sebald alikuwa ameikazia macho lenzi, hana nafasi ya maneno mengi. "Huyo? Hapana. Huyo ni wa miguu tu."

Endres alisikia. Alitaka kuinuka, avae kofia yake, amwache na gurudumu lake. Lakini sauti ya mchanga ilimwambia kwamba lenzi imefika katikati, na gurudumu likisimama ghafla ingechubuka. Akaendelea kukanyaga.